Nakshi ya Nyuma: Kwa Mkono au kwa Kanuni?

Mandharinyuma ya mapambo ni ile sehemu ya picha inayokaa nyuma ya kiini na kujazwa nakshi badala ya mahali halisi. Mwanamke aliyechorwa mbele ya soko ana mandhari ya kawaida. Mwanamke yuleyule akichorwa mbele ya maua yanayojirudia, nyota, mawimbi au rangi zinazoyeyukiana, nyuma yake pana mapambo. Katika sanaa ya kidijitali nakshi ya namna hii imeenea: kwenye jalada la kitabu, kadi ya harusi, bango la tamasha, picha ya mtu iliyochorwa kwa kuagizwa, mchezo wa kompyuta. Mara nyingi ndiyo inayochukua eneo kubwa kuliko kitu kingine chochote katika picha, na ndiyo inayotengewa muda mdogo kuliko vyote.

Kazi zake ni tatu. Kwanza, huweka hali ya picha: furaha, msiba, ndoto au utulivu. Pili, hukitenga kiini ili jicho likione upesi. Tatu, huziunganisha sehemu za picha kwa rangi na mdundo mmoja. Mandharinyuma inayoshindwa kazi ya pili huiharibu picha, hata kama yenyewe inapendeza.

Kuhusu njia ya kuitengeneza, mafundi hawajawahi kuwa na kauli moja. Wako wanaoshikilia kwamba nakshi ichorwe kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa kalamu ya kidijitali. Wako wanaoshikilia kwamba nakshi ni kazi ya kanuni: kipande kimoja kitungwe vizuri, kisha programu ikirudie, ikigeuze na kukitawanya. Mjadala ufuatao unazipanga hoja za pande hizo mbili, upande wa Mkono na upande wa Kanuni, kwa kufuata mtiririko wa kazi yenyewe: marudio, sura ya uso wa nyuma, uhusiano wa nyuma na kiini, na mwisho suala la haki za mwenye mali.

Hoja ya kwanza: marudio

KANUNI: Nakshi ilirudiwa karne nyingi kabla ya kompyuta. Nyumba kongwe za Lamu zina zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu mpaka vikajaza ukuta. Fremu ya mlango wa Zanzibar huzungukwa na mnyororo au wimbi linalojirudia kutoka kizingiti hadi kizingiti. Kanga hupigwa chapa kwa ruwaza zinazorudiwa, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kanga haina thamani kwa sababu ua lake limetokea mara nyingi. Kuchora ua moja mara mia nne hakuliongezei ua hilo uzuri. Kunamwongezea fundi uchovu tu.

Hoja hii ina msingi katika hisabati. Ruwaza yoyote inayoweza kuenea pande zote bila kikomo hujengwa kwa miendo minne: kusogeza, kuzungusha, kuakisi kama kwenye kioo, na kuakisi huku ikisogezwa. Mwaka 1891 Mrusi Evgraf Fedorov alithibitisha kwamba miendo hiyo huweza kuunganishwa kwa namna 17 tu. George Pólya alifikia jibu hilohilo mwaka 1924, na makala yake baadaye ilisomwa na mchoraji Mholanzi M. C. Escher, ambaye alivutiwa na nakshi za vigae vya Alhambra, kule Granada, katika ziara zake za 1922 na 1936. Hisabati hiyo huweka pia mipaka. Ruwaza inayojirudia huweza kuzungushwa kwa nusu, theluthi, robo au sudusi ya duara ikajilalia yenyewe. Kwa sehemu ya tano haiwezekani. Nyota ya pembe tano inaweza kukaa ndani ya kigae, lakini ruwaza nzima haiwezi kuufuata mzunguko wake.

Kwa vitendo, kazi huanza na kigae, yaani kile kipande kimoja kitakachorudiwa, tuseme mraba wa pikseli 1,024 kwa 1,024. Fundi huchora nakshi katikati bila kugusa kingo. Kisha huusogeza mchoro wote kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, yaani pikseli 512 kila upande, kwa amri iliyomo katika programu za Photoshop na GIMP. Kinachotokea ukingo wa kulia huingilia kushoto, na kinachotokea chini huingilia juu. Kingo nne za mwanzo sasa zimekutana katikati na kufanya msalaba, na kila pengo au mkatiko huonekana bayana. Fundi hulijaza eneo hilo la katikati, tena bila kugusa kingo mpya, na kigae kimekamilika: kikiwekwa kando ya nakala yake, hapana mahali ambapo mshono unajitokeza. Programu ya Krita inafupisha safari hiyo. Ina hali ya kuchora ambamo turubai hujirudia pande zote, hivi kwamba mstari unaopita ukingo wa kulia huonekana papo hapo ukiingia kushoto. Inkscape, ambayo hujenga michoro kwa mistari ya kihisabati badala ya pikseli, humruhusu mtumiaji kuchagua namna yoyote kati ya zile 17 na kuzalisha nakala zake kwa amri moja.

MKONO: Kigae kisicho na mshono hakijawa kigae kizuri. Jicho la binadamu hukimbilia kinachojirudia. Jani moja lenye doa jeusi, likitokea mara ishirini, hugeuka kuwa mistari ya madoa inayokatiza picha nzima, na mtazamaji humsahau aliyechorwa akabaki na madoa. Zidaka zilirudiwa, ni kweli, lakini kila kimoja kilikatwa kwa mkono, na hakuna viwili vilivyolingana kabisa. Ukuta ule haumchoshi mtu kwa sababu marudio yake yana pumzi. Kompyuta hurudia bila tofauti hata ya pikseli moja.

KANUNI: Hilo ni kosa la aliyetunga kigae. Kitu kinachovuta jicho hakiwekwi ndani ya kigae. Huongezwa baadaye, mara moja, mahali pake. Wabunifu wa vitambaa walikwisha kulitatua tatizo la mistari: kila safu wima hushushwa kwa nusu ya urefu wa kigae, ili motifu zisipangike kwenye mstari mmoja ulionyooka. Fundi anaweza pia kutunga vigae vitatu vinavyofanana na kuvichanganya, au kuiamuru programu iyumbishe kidogo ukubwa, mwelekeo na rangi ya kila nakala. Pumzi hiyo inaweza kuandikwa ndani ya kanuni.

MKONO: Kuyumba kwa bahati nasibu si kuyumba kwa nia, na ushahidi uko kwenye kanga. Pindo huizunguka nguo pande zote nne. Motifu ya korosho iliyoinamia kulia kwenye upande mrefu haina budi kugeuka ifikapo kona. Ikiachiwa marudio matupu, hukatwa katikati, au vichwa viwili hugongana. Hapo mbunifu hulazimika kuchora kipande cha kona peke yake, labda korosho moja kubwa iliyolala mshazari, au ua linalozipokea pande zote mbili. Ndani ya pindo kuna mji, yaani sehemu ya katikati, na mji huhitaji ruwaza ya ukubwa mwingine ili nguo isijae kelele tupu. Mwisho kuna jina, yaani maneno ya kanga, na jina huwekewa utepe wake ili maneno yasomeke. Kona, mji na utepe: hakuna hata kimoja kinachozaliwa na marudio. Kila kimoja ni mahali ambapo mtu aliamua marudio yakome.

Hoja ya mwisho ya Mkono ni nzito, na upande wa Kanuni hauna jibu kamili kwake. Programu inajua kuendelea. Haijui pa kukomea mpaka iambiwe, na anayeiambia lazima awe ameitazama picha nzima.

Hoja ya pili: sura ya uso wa nyuma

Si kila mandharinyuma hujengwa kwa motifu. Nyingine ni ukungu, mawingu, marumaru, karatasi kuukuu, mbao au rangi zinazopitana taratibu. Hapa hakuna ua la kurudiwa; kinachotafutwa ni uso usio bapa.

KANUNI: Katika eneo hili kompyuta imekwisha kuthibitisha uwezo wake. Ken Perlin, aliyefanya kazi kwenye filamu ya Tron iliyotoka mwaka 1982, hakuridhishwa na picha za kompyuta zilizokuwa laini kupita kiasi, zenye sura ya mashine. Mwaka uliofuata alitunga njia ya kuzalisha nasibu yenye ulaini, akaichapisha mwaka 1985, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya kiufundi na taasisi ya Marekani inayotoa Oscar. Noizi ya Perlin, kama inavyoitwa, imetumika tangu hapo kutengeneza moshi, milima, maji na mawe katika filamu na michezo isiyo na idadi.

Utendaji wake ni huu. Eneo hugawanywa kwa gridi, na kila pembe ya gridi hupewa mwelekeo wa nasibu. Thamani za pikseli zilizo kati ya pembe hukokotolewa kwa mpito wa taratibu, hata yakapatikana mawimbi yasiyo na mpangilio na yasiyo na mkatiko. Kisha matabaka kadhaa hujumlishwa: la kwanza lina mawimbi makubwa yenye nguvu, la pili mawimbi ya nusu ya ukubwa na nusu ya nguvu, la tatu robo, na kuendelea. Mkusanyiko huo ndio unaoonekana kama wingu. Mistari iliyonyooka ikipindishwa kwa noizi hiyohiyo, hutokea mishipa ya marumaru.

MKONO: Kichujio cha mawingu kimo katika kompyuta ya kila mtu, na matokeo yake yamezoeleka kiasi kwamba hutambulika mara moja. Wingu lile halina mahali lilikotoka. Ukuta wa matumbawe una mashimo na chokaa iliyobanduka. Jamvi la ukili lina mshono wa mkono wa msukaji. Karatasi ya daftari la zamani ina mkunjo na alama ya kikombe. Fundi mwenye simu anaweza kuupiga picha uso wa aina hiyo kwenye kivuli, ambako mwanga hautupi vivuli vikali, na kuuingiza kwenye kazi yake. Picha yake itakuwa na uso ambao hakuna mwingine aliye nao.

Njia ya kuuingiza ni rahisi. Picha ya uso hubadilishwa kuwa ya kijivu na kuwekwa kwenye leya iliyo juu ya rangi, kisha leya hiyo hupewa hali ya kuchanganya kwa kuzidisha. Katika hali hiyo, nyeupe haibadilishi chochote kilicho chini yake, nyeusi hubaki nyeusi, na kijivu hutia kivuli kwa kadiri yake. Ukali wa leya hushushwa hadi asilimia 10 au 30, mpaka uso uhisiwe kabla ya kutambuliwa. Uso ukitambulika haraka kuliko kiini, umezidi.

Mpito wa rangi una hatari yake, na hatari hiyo huwapata wa pande zote mbili. Picha ya kawaida ya biti 8 ina viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi. Fundi akitaka buluu ipande polepole kutoka kiwango cha 40 hadi cha 60 katika upana wa pikseli 2,000, kompyuta ina ngazi 20 tu za kugawa, na kila ngazi itakuwa na upana wa pikseli 100. Badala ya mpito, mtazamaji ataona mistari mipana kama ngazi za baraza. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kufanya kazi katika biti 16, ambazo zina viwango 65,536, ijapokuwa picha ikirudishwa kwenye biti 8 tatizo linaweza kurejea. Ya pili ni kunyunyiza chembechembe hafifu za noizi juu ya mpito, asilimia moja au mbili, ili mipaka ya ngazi ivunjike na jicho lisiione. Chembechembe hizo humwaga kasoro ndogo kila mahali ili kuiondoa kasoro moja kubwa. Dawa hii haina mbadala wa mkono ulio bora, kwa kuwa hakuna mwenye subira ya kuweka chembe laki kadhaa moja baada ya nyingine.

KANUNI: Kuna pia suala la ukubwa. Karatasi ya A4 inayochapwa kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Mandharinyuma iliyochorwa kwa mkono kwenye mraba wa pikseli 1,080, unaotosha kwenye mitandao ya kijamii, ikipelekwa kwa mchapaji kwa ubora huo itatosha sentimita 9 na kidogo tu. Ikivutwa ijaze ukurasa, mistari yote hufifia. Nakshi iliyojengwa kwa mistari ya kihisabati hukuzwa kutoka stempu hadi bango la barabarani bila kupoteza kitu.

MKONO: Hilo linamtaka fundi aulize picha inakwenda wapi kabla ya kufungua turubai. Mkono haukatazi turubai kubwa.

Hoja ya tatu: nyuma na kiini

Hapa ndipo mjadala unapogusa sababu ya mandharinyuma kuwapo. Pande zote mbili hukubali kwamba nyuma ipo kwa ajili ya mbele. Zinatofautiana kuhusu kiasi cha pambo ambacho nyuma inaweza kubeba.

MKONO: Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mng'ao, kama zile za kupakia baiskeli, kwenye vipande vya hadibodi. Katika mtindo ulioshika jina lake, nyuma hupakwa rangi moja, au mbili zinazoyeyukiana, na mbele husimama chui au ndege aliyejaa madoa, mistari na vidoa. Nakshi yote ipo kwa mnyama. Nyuma imetulia, na kwa utulivu huo mnyama hujitokeza hata kwa mtu anayepita barabarani. Anayejaza nyuma kwa mapambo huku kiini nacho kimejaa mapambo hupata picha isiyo na mbele wala nyuma.

KANUNI: Mfano wa kinyume ni picha ya Adele Bloch-Bauer iliyochorwa na Gustav Klimt na kukamilika mwaka 1907, mraba wa sentimita 138 kila upande. Nyuma, kiti na gauni vimefunikwa dhahabu, fedha, macho, duara na pembetatu, nakshi juu ya nakshi. Uso, mabega na mikono tu ndivyo vilivyochorwa kwa vivuli vya ngozi. Pambo lilichukua karibu picha yote, na bado hakuna anayeitazama asianze na uso.

Mifano hii miwili huonekana kupingana, kumbe inafuata sheria moja. Kwa Tingatinga, kiini kina nakshi na nyuma ni shwari. Kwa Klimt, nyuma ina nakshi bapa na kiini ni laini, chenye ujazo na kivuli. Katika kila picha mbele na nyuma hazisemi lugha moja. Kinachoua picha ni ulinganifu wa pande mbili: nakshi yenye ukubwa, ukali na mwanga uleule ikikaa nyuma ya kiini chenye ukubwa, ukali na mwanga uleule.

Sheria hiyo hutoa vipimo ambavyo fundi yeyote anaweza kuvitumia. Cha kwanza ni mwanga. Picha nzima hugeuzwa kuwa ya kijivu kwa muda. Nyekundu na kijani zilizogombana vikali kwenye rangi huweza kuwa kijivu kimoja, na kiini kikapotea ndani ya nyuma. Ikitokea hivyo, rangi ilikuwa inaficha udhaifu. Dawa ni kuibana nakshi ndani ya eneo dogo la mwanga: kahawia juu ya kahawia iliyokolea kidogo, buluu ya usiku juu ya buluu ya usiku. Nakshi ya namna hiyo huweza kuwa tata sana na bado isipige kelele, kwa sababu kiwango chake cheusi na kiwango chake cheupe viko karibu.

Cha pili ni ukubwa wa motifu. Ua lenye ukubwa sawa na jicho la mtu aliyechorwa hushindana na jicho hilo. Ama liwe dogo zaidi sana, hata likasomeka kama uso wa kitambaa, ama liwe kubwa zaidi sana, hata likasomeka kama umbo moja. Cha tatu ni kupunguza picha mpaka ilingane na ukucha wa kidole gumba. Kiini kisichotambulika katika ukubwa huo hakitatambulika kwenye skrini ya simu. Cha nne kinahusu maandishi. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti unadai kwamba maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya kilicho nyuma yake. Juu ya nakshi, uwiano huo hupimwa mahali pabaya kuliko pote, pale ambapo herufi inapita juu ya petali inayokaribiana nayo kwa mwanga. Ndipo busara ya utepe wa jina kwenye kanga inapoonekana tena: kwa maandishi, mahali patulivu ni lazima.

MKONO: Vipimo hivi vyote vinahitaji kiini kiwepo kwanza. Anayetunga ruwaza peke yake, kisha akaweka mtu juu yake, hana cha kupimia.

KANUNI: Ni kweli, lakini baada ya kiini kuwapo, kubadili ruwaza iliyojengwa kwa kanuni huchukua dakika. Mwanga ukizidi, hushushwa. Motifu ikiwa kubwa, hupunguzwa. Aliyechora majani mia nne kwa mkono huogopa kuyabadilisha, na woga huo humfanya abaki na kosa alilokwisha kuliona.

Jibu hilo la Kanuni lina uzito unaolingana na ule wa kona ya pindo. Fundi mzuri hubadilisha uamuzi, na njia inayomruhusu abadilishe bila kulia inaisaidia kazi yake.

Hoja ya nne: mali ya nani

KANUNI: Anayetengeneza kadi za harusi ana siku moja au mbili. Maktaba za ruwaza zilizo tayari zipo, nyingine chini ya leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, na zinaeleza wazi kinachoruhusiwa au kutakiwa: kutumia, kubadilisha, kuuza au kumtaja mwenyewe. Kuzitumia kwa masharti yake ni halali na ni kuokoa muda.

MKONO: Nguo ya kuazima haisitiri matako. Ua lililo bure kwa wote litakuwa kwenye kadi za maharusi kumi wa mtaa mmoja. Zaidi ya hayo, wengi hawasomi masharti. Huchukua chochote wanachokikuta kwenye intaneti kana kwamba kuonekana ni kuruhusiwa.

Sheria iko upande wa onyo hilo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Zote mbili huilinda michoro. Umri wa motifu hauondoi haki zilizo juu ya mchoro fulani wa motifu hiyo. Mpangilio wa zidaka si mali ya mtu mmoja, na yeyote anaweza kuutazama ukutani na kuuchora upya. Lakini picha ambayo mpiga picha aliipiga kwenye nyumba ile, au ruwaza ambayo mbunifu mwingine aliitunga kutokana nayo, ina mwenyewe. Kenya iliongeza mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayozipa jamii sauti juu ya matumizi ya kibiashara ya urithi wao. Fundi anayechukua ruwaza ya shanga au ya vikapu vya jamii fulani kwa bidhaa ya kuuza ana wajibu wa kuuliza kwanza.

Suala hili limekuwa gumu zaidi tangu mwaka 2022, programu za akili unde zinazozalisha picha kwa maelezo ya maneno zilipowafikia watu wengi. Kwa mandharinyuma zinavutia: nakshi ya dhahabu inayojaza skrini hupatikana kwa sekunde chache. Februari 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani iliamua, kuhusu kitabu cha katuni Zarya of the Dawn, kwamba maandishi na mpangilio wa mwandishi yanalindwa, lakini picha zilizozalishwa na programu ya Midjourney hazilindwi, kwa kuwa hazikutungwa na binadamu. Kwa fundi anayemuuzia mteja nakshi ya kipekee, uamuzi wa namna hiyo una maana ya moja kwa moja: anaweza kuwa anauza kitu ambacho hawezi kumzuia mwingine asikitumie. Picha hizo mara nyingi zina kasoro nyingine pia. Kingo zake hazikutani, marudio yake hukaribia kuwa marudio bila kufika, na mistari ya kijiometri hupotea njia katikati. Aliyejifunza kutunga kigae huiona kasoro hiyo. Asiyejifunza huituma kwa mchapaji.

Uamuzi

Pande zote mbili zimeleta hoja za kweli, lakini hazikujibu swali moja. Upande wa Kanuni ulieleza jinsi nakshi inavyoenea. Upande wa Mkono ulieleza mahali nakshi inapokoma, inapogeuka na inaponyamaza. Mandharinyuma nzuri huhitaji yote mawili, na huyahitaji kwa mpangilio maalumu: marudio yapewe kanuni, na kila mvunjo wa marudio uamuliwe kwa mkono. Hii haigawi kazi nusu kwa nusu. Neno la mwisho ni la mkono, kwa kuwa picha huokoka au huharibika kwenye maeneo manne ambayo kanuni haiyaoni: kona, mahali pa maandishi, ukingo wa kiini, na pale ambapo nakshi inaachiwa nafasi tupu.

Kazi basi hufuata hatua zifuatazo. Matumizi ya picha hujulikana kwanza, pamoja na ukubwa wake kwa pikseli. Kiini huchorwa, walau kwa umbo lake jeusi lililojaa, kabla ya ruwaza yoyote. Hali ya picha na eneo dogo la mwanga wa nyuma huchaguliwa kulingana na kiini hicho. Motifu huchorwa kwa mkono kutokana na kitu kilichotazamwa, hugeuzwa kigae, hukaguliwa mshono na kuenezwa kwa programu. Uso na chembechembe huongezwa. Kisha fundi huirudia picha nzima kwa kalamu: hufuta motifu zinazogusa uso wa mhusika, hufifisha zilizo karibu na ukingo wake, huchora kona, hufungua mahali pa maandishi, na huongeza mara moja kile kilichokatazwa ndani ya kigae. Mwisho, picha hupimwa kwa kijivu, kwa ukubwa wa ukucha, na kwa kusomwa.

Kwa anayejifunza, mpangilio huu una sharti moja. Atunge kigae chake cha kwanza kwa mkono, kwa kuzisogeza kingo mwenyewe na kuujaza msalaba wa katikati, kabla ya kutumia amri inayomfanyia yote. Baada ya hapo aitumie amri hiyo bila hatia, maana atakuwa anajua inachofanya, na atajua wapi aizime.